Kazi ya Sikio

Kaka yangu alikuwa fundi wa matrekta kwa miaka thelathini na moja. Mwezi mmoja na siku chache baada ya kumzika, nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, nikamsikia mama mmoja mbele yangu akimkaripia mpakiaji aliyefunga gunia lake ovyo.

"Wee, usinifanyie kazi ya Sikio! Funga hilo gunia kama mtu mwenye mikono."

Watu wakacheka. Nilimgusa bega, nikamwuliza huyo Sikio ni nani.

"Hata simjui, dada yangu. Ndivyo wanavyosema siku hizi. Mtu akiharibu kazi, amefanya kazi ya Sikio."

Sikio alikuwa kaka yangu. Kazi hiyo hakuiharibu yeye. Niliiharibu mimi, na mpaka siku ile nilikuwa sijamwambia mtu. Mungu nilikuwa nimeshamwambia mara nyingi, kwa sauti ya chini, maana kumwambia Mungu peke yake hakukunigharimu kitu.

Jina la Sikio alipewa na mafundi wenzake. Wao walianza kufungua injini kabla haijapoa. Yeye alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini inayonguruma na mpini sikioni, akafumba macho. Alizunguka nayo hivyo polepole, akihamisha ncha kutoka pembe hii hadi ile. "Hapa panakohoa," alisema. Au, "Huyu anasingiziwa tu, mgonjwa ni jirani yake." Wateja wageni walidhani wameletwa kwa mganga.

Gereji yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba yetu, sakafu ya udongo iliyoshiba mafuta machafu hadi ikawa ngumu kama saruji. Kila alipofungua kifuniko cha kitu alichora umbo lake kwenye boksi, akatoboa matundu, akachomeka kila bolti kwenye tundu lake. "Bolti nazo zina ndoa zao," aliniambia. "Ukizichanganya utaamua kesi mpaka jioni." Mikono aliiosha kwa sukari na mafuta ya kupikia, na sukari hiyo ilikuwa yangu ya chai. Tuligombana juu ya sukari kuliko jambo lingine lolote.

Alinizidi miaka kumi na miwili. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa darasa la sita. Kaka alinisomesha hadi kidato cha nne kwa zile spana zake. Hakuoa mapema kwa ajili yangu, kisha hakuoa kabisa. Mume wangu alipofariki nikarudi nyumbani na sanduku moja, na kaka hakuniuliza nitakaa muda gani. Alihamishia kitanda chake sebuleni, akasema chumbani kuna joto.

Mimi ni mtu wa kanisa. Yeye alikuja ibadani mara moja moja, akakaa benchi la nyuma, akasikiliza kinanda kwa namna iliyonitia hofu kwamba atainuka akifungue. "Wewe utaingia mbinguni kwa kuimba," alipenda kunitania. "Mimi nitapitia uani. Hata kule lazima kuna lango lenye bawaba zinazolia."

Sasa nieleze siku yenyewe.

Trekta lilikuwa la Mwalimu, mstaafu aliyetufundisha hesabu sote wawili kwa nyakati tofauti. Alilinunua likiwa limezeeka tayari, akawa analimia watu mashamba. Nyuma ya injini ya trekta kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili, na ukingoni mwake imebanwa pete yenye meno. Ukigeuza ufunguo, stata huuma meno hayo na kuizungusha injini hadi iwake. Meno ya trekta la Mwalimu yalikuwa yamelika sehemu tatu, kwa sababu injini ya silinda tatu ikizimwa hupenda kusimama pale pale. Stata ikawa inauma hewa na kupiga ukelele wa kuamsha mtaa.

Kaka alilitenganisha trekta katikati, nusu ya mbele ikakaa juu ya magogo, nusu ya nyuma juu ya jeki. Kazi ya siku mbili. Akaitoa flaiwili, akatoboa pete ya zamani kati ya meno mawili kwa keekee, akaweka patasi kwenye tundu, akapiga mara moja. Pete ikalia ta! ikaachia.

Pete mpya huwa ndogo kuliko gurudumu lake kwa unene wa unywele. Haiingizwi kwa nyundo. Hupashwa moto ikatanuka, ikavishwa upesi, na ikipoa hubana yenyewe. Ila moto huo una kipimo chake. Kaka aliweka pete juu ya matofali kwenye jiko refu la mkaa, na juu ya pete akaweka kipande cha risasi ya kulehemu. Risasi ikiyeyuka, pete iko tayari. Ukizidisha, chuma hugeuka rangi, kwanza manjano ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Kikishafika buluu meno yamepoteza ugumu. Ukiyatazama ni yale yale, lakini ukiyatumia ni nta.

Mambo hayo aliyajua na mimi niliyajua, kwa sababu alinieleza yote mchana ule.

Ilihitajika koleo ya pili ya kushikia upande wa pili wa pete, na koleo hiyo alikuwa nayo Cheche, fundi wa ng'ambo ya reli. Kaka akaniita nikiwa nimeshavaa nguo za kutokea.

"Mdogo wangu, nitazamie jiko. Nakwenda kwa Cheche narudi. Usipulize. Mkaa una akili zake, uache."

"Kwaya ni saa kumi, kaka."

"Na sasa ni saa tisa na robo. Utawakuta bado wanatafuta sauti."

Jumapili iliyokuwa inakuja nilikuwa nimepewa ubeti wa kuimba peke yangu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita ya kuitikia nyuma ya wengine. Kaka alipokawia, nilianza kuhesabu dakika. Niliwaza kwamba akirudi pete ikiwa baridi atanizuia hadi saa kumi na nusu, na ubeti wangu atapewa mwingine. Nikachukua kipande cha bati, nikapepea.

Risasi iliyeyuka, ikatiririka, ikadondokea mkaani. Nikasema afadhali, nikaacha kupepea, nikaingia ndani kuchukua daftari la nyimbo na kujitazama kwenye kioo. Nilifunga kitambaa kichwani mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza kilikaa upande. Nilipotoka, robo ya pete ilikuwa buluu, buluu nzuri kama shingo ya njiwa, na pembeni yake zambarau.

Niliiondoa jikoni kwa koleo moja nikiungua vidole. Nikangoja ipoe kiasi. Halafu nilifanya jambo ambalo siwezi kuliita ajali. Nilichukua msasa nikaisugua pete yote, kuzunguka, hadi rangi ikaisha na chuma kikang'aa. Nikairudisha juu ya matofali na kipande kipya cha risasi. Kupuliza kulikuwa papara. Kusugua kulikuwa dhambi, na niliijua nikiwa ninaifanya.

Kaka akarudi na koleo begani.

"Mbona imeng'aa hivi?"

"Ilikuwa na masizi. Nimeipitisha msasa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Jamani! Huyu hata chuma anakiogesha kabla ya ibada. Na haikupata moto mwingi?"

"Hapana."

Nilimjibu hivyo nikimtazama usoni. Risasi ikayeyuka, tukaishika pete huku na huku, akahakikisha upande wa meno uliochongwa unatazama stata, tukaivisha. Iliingia bila kugusa. Akaigonga kidogo kwa fimbo ya shaba kuzunguka bega la flaiwili, akaniambia, "Haya, kimbia kwa Bwana." Nikakimbia. Niliwahi. Na Jumapili ubeti wangu niliuimba vizuri. Watu walinishika mkono mlangoni.

Trekta halikumaliza wiki sita. Lilikufa katikati ya msimu wa kulima, kwenye shamba la watu, mvua ya kwanza ikiwa imeshanyesha. Likavutwa kwa kamba hadi kwetu, na Mwalimu akaja nalo kwa miguu, na watu wakaja na Mwalimu. Kaka alilitenganisha tena. Meno ya pete, yale ya robo moja, yalikuwa yamefumuka kama mswaki wa zamani.

Nilikuwa nimetoka na birika la chai. Kaka alichuchumaa mbele ya flaiwili muda mrefu. Akapitisha kidole gumba juu ya meno. Akachukua tupa, akapiga jino moja, tupa ikala chuma kwa ulaini.

"Moto ulizidi," alisema.

"Moto wa nani?" Mwalimu akauliza.

"Wangu, Mwalimu. Nitaifanya upya, hutanilipa kitu."

"Uifanye upya? Watu wamelima wamemaliza, mimi nasukuma chuma! Darasani nilikupa sifuri moja. Leo nakupa ya pili." Akawageukia watu. "Mwaona? Anajiita Sikio. Sikio la kufa halisikii dawa!"

Walicheka kweli, maana maneno yalikuwa yamepangika. Kaka naye akatabasamu, kama mtu anayetaniwa. Mimi nilisimama na birika. Nilingoja anigeukie. Kama angenigeukia ningesema, nilijiambia hivyo. Hakunigeukia. Mwalimu akalipeleka trekta ng'ambo ya reli kwa Cheche, vipande viwili kwa safari mbili.

Baada ya hapo matrekta yalipungua, kisha yakakoma. Kaka akawa anatengeneza pampu za maji na kuziba pancha za mikokoteni. Aliendelea kutoboa maboksi na kuchomeka bolti, hata kama ni bolti nne za pampu. Nikamwuliza siku moja kama anamchukia Mwalimu. Akasema, "Kwa nini? Trekta lilikufa kweli."

Alijua? Nimejiuliza swali hilo kuliko sala yoyote niliyowahi kuomba. Mtu aliyesikia bolti moja imelegea ndani ya injini nzima, akose kusikia uongo wa dada yake? Lakini pia aliniamini kuliko mtu yeyote, na imani huziba masikio. Sijui. Alipougua, miezi minne ya mwisho, mapafu yake yakiwa yamejaa maji, nilikaa kando ya kitanda chake kila siku. Mara mbili aliniuliza, "Una jambo?" Mara zote mbili nilifungua kitabu cha sala nikamsomea. Nilimsomea vizuri, kwa sauti yangu ya kwaya, ili nisiseme. Alifariki Jumanne asubuhi, na kwenye mazishi Mwalimu alikuja, akashika koleo la udongo kama wengine, akasema alikuwa mtu mpole. Hakusema alikuwa fundi.

Ndiyo maana yale maneno kwenye foleni ya kusaga yalinikata. Kukosa kwake wateja nilikuwa nimeshajifunza kuishi nako. Lakini jina lenyewe, alilopewa kwa umahiri wake, sasa liliachwa duniani lizunguke kama jina la uharibifu, midomoni mwa watu wasiomjua, na yeye hayupo kulijibu. Nilijua ni mtu mmoja tu anayeweza kulisafisha.

Nilikaa wiki mbili nikitafuta ujasiri. Kisha dereva wa trekta la Mwalimu, tunayesali naye, akaniambia kwamba trekta limetenganishwa tena kwa Cheche. Ile pete aliyoweka Cheche miaka minne iliyopita imelika mahali patatu, wanaitoa waigeuze kidogo, ili meno mazima yakae pale stata inapouma. Wanapasha kesho asubuhi.

Kesho yake nilikwenda.

Gereji ya Cheche ni uwanja wenye ukuta wa mapipa. Walikuwa watatu, Cheche mwenyewe, Mwalimu kwenye kigoda na fimbo yake katikati ya magoti, na dereva. Pete ilikuwa imeshagongwa ikatoka, imesafishwa, na sasa ilikuwa juu ya mkaa na kipande cha risasi mgongoni. Flaiwili ilikuwa chini juu ya mbao, imechorwa alama ya chokaa. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja.

"Karibu, dada," Cheche akasema. "Pole na msiba. Umekuja kutuombea moto?"

"Nimekuja kusema kuhusu moto."

"Sema, sema. Hapa tumekaa kama wajumbe."

Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, yakanitoka yote. Nikasema tu kama ilivyokuwa: kwamba kaka alikuja hapa kuazima koleo, kwamba aliniambia nisipulize, kwamba nilipuliza kwa ajili ya kwaya. Nikasema kuhusu kioo na kitambaa. Nikasema kuhusu buluu. Nilipofika kwenye msasa dereva akainamisha kichwa kama anayetafuta kitu chini. Nikaendelea. Nikasema aliniuliza, nikamjibu hapana.

Mwalimu hakuwa ananitazama. Alikuwa anautazama mkaa.

"Niliijua ile pete imeungua," Cheche akasema taratibu. "Ilipoletwa hapa niliona. Nikamwendea nikamwuliza, Sikio, wewe? Wewe uunguze pete? Akaniambia moto wangu, Cheche. Nikasema basi, uzee huo. Sisi kwetu moto ni wa mwenye kazi, hata akipuliza paka."

"Aliniambia mimi pia," Mwalimu akasema. "Wangu, Mwalimu. Hivyo hivyo." Akainua macho. "Na wewe ulikuwepo. Ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa na birika."

"Miaka minne! Miaka minne mwanamke wa—"

"Imeyeyuka!" dereva akapiga kelele.

Wote wakaruka. Pete ikisubirishwa inapoa, na ikipoa haiingii. Mwalimu alisukuma kigoda kwa mguu. Cheche akashika upande mmoja, dereva wa pili, wakapiga hatua tatu za kaa, pete ikanuka chuma na moshi. "Kushoto! Kushoto, alama! Usiilaze bado!" Wakaitua. Ilikataa upande mmoja, Cheche akatukana, akaigonga kwa shaba, tak, tak, ikashuka begani mwa flaiwili. Akazunguka nayo yote akigonga na kutega sikio. Sauti ikawa moja kila mahali. Akajifuta jasho.

"Isiguswe. Isimwagiwe maji. Ipoe yenyewe."

Tukarudi kusimama palepale tulipokuwa. Hasira ya Mwalimu ilikuwa imepata nafasi ya kupumua, na nadhani hilo lilikuwa baya zaidi kwake, kwa sababu sasa alikuwa ameshafika kwenye sehemu yake mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyesema yale maneno," alisema. "Yale ya sikio la kufa. Yaliwachekesha, nikayarudia. Nimeyarudia hata mnadani." Akagonga fimbo chini. "Mwache marehemu apumzike, binti. Tukianza kufukua haya leo, tunafukua nini? Aibu yako na yangu."

"Yeye hapumziki, Mwalimu. Anatajwa kila gunia likimwagika."

Mwalimu akaigeukia flaiwili iliyokuwa inapoa.

"Ulisema mbele za watu," nikamwambia. "Nakuomba useme tena mbele za watu. Useme Sikio hakuunguza ile pete."

"Watauliza nani aliiunguza."

"Waambie."

Alinitazama kama alivyonitazama zamani ubaoni nilipokosea hesabu na kukataa kukaa. "Na kanisani kwako je?"

"Waambie na kanisani. Au nitasema mwenyewe Jumapili, ukipenda uje usikie."

Nilisema mwenyewe. Mchungaji alinipa dakika tatu baada ya matangazo, nikatumia mbili. Mwalimu hakuja, ila siku ya mnada alisimama pale wanapokaa wenye matrekta akasema lake, dereva alinihakikishia. Alisema kwa ufupi, kama anayesoma matokeo, kisha akaomba maji.

Kwaya hawakunifukuza. Ubeti wa peke yangu wamempa mwingine, na sikuuliza. Wiki iliyopita mama mmoja wa sauti ya pili aliangusha karatasi za nyimbo zikatawanyika, mwenzake akasema, "Ah, kazi ya Dada hiyo," kisha akaniona, akaziba mdomo kwa kiganja. Nikainama nikawasaidia kuokota. Nilimwambia aliyesema kwamba asizibe mdomo, ndivyo inavyotakiwa kusemwa.

Wengine bado wanasema ya Sikio. Maneno hayana breki, na walioyazoea hawatabadilika kwa sababu ya tangazo moja la mnadani. Nikiyasikia nasimama, nawaeleza tangu mwanzo, pamoja na msasa. Wengi husikiliza kwa adabu, wakisubiri niondoke.

Nilidhani nikishasema nitakuwa mwepesi. Mchungaji ameniambia nimesamehewa, na ninaamini, kwa maana aliyenisamehe ninamjua. Lakini kaka aliulizwa mara mbili moto ni wa nani, akajibu, na mimi niliulizwa mara mbili kitandani kwake kama nina jambo, nikafungua kitabu. Hilo hakuna mnada wa kulitangazia. Asubuhi nikipita bandani naona maboksi yake ukutani, bolti zimechomekwa kila moja mahali pake, za pampu ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Nazipangusa vumbi tu. Sizihamishi.